Sahani ya Siku ya Pili

Ghubra, Muscat
Ijumaa, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Elirehema,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku kwenye joto. Hujambo? Bibi hajambo? Ng'ombe wake ameshazaa? Natumaini baridi ya Usangi haijakuzidi, maana najua ulibaki huko na sweta moja tu, lile la shule. Huku jua limekuwa kali mpaka bomba la maji ya baridi linatoa maji ya moto, na tukitaka kuoga tunayakinga mapema kwenye ndoo yapoe kwanza. Mimi ni mzima. Mitihani ya mwisho wa mwaka nimemaliza, na fizikia haikuwa mbaya kama ulivyonitabiria. Baba ni mzima wa mwili. Bi Shaikha, jirani yetu wa mlango wa pili, anakusalimu sana. Mwanawe Khalil anasema nikwambie kwamba timu imefungwa kila mechi tangu golikipa aondoke, lakini usijivune, maana hata ulipokuwepo mlikuwa mnafungwa.

Mama alitufundisha kuanza barua kwa "Bwana Yesu asifiwe". Sikuiandika juu kwa sababu Bibi alisema siku hizi ukisalimiwa hivyo unageuza uso. Basi naiandika hapa, katikati ya maneno mengine. Unaweza kuiruka.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako haipatikani, na ujumbe ninaotuma unakaa na alama moja tu. Dada Aikande wa kwaya anakwenda likizo Moshi wiki ijayo, na ameahidi kupanda mpaka Usangi akupe barua hii mkononi. Nimemwomba asiondoke mpaka uifungue mbele yake. Samahani kwa kukuwekea askari. Wewe mwenyewe uliwahi kusema kwamba mimi nikiwa na jambo siwezi kulisema kwa mdomo, lazima nilitafutie daftari. Ni kweli, na hili ndilo jambo lenyewe.

Bibi alipiga simu wiki iliyopita. Baba alikuwa anapiga pasi nguo zake za kazi, akaweka simu kwenye spika, kwa hiyo nilisikia yote. Bibi alisema huli. Alisema asubuhi unakunywa chai ya rangi, kisha basi, na siku nyingine hata hiyo chai unaiacha ipoe dirishani. Alisema shati lako jeupe limekuwa kama limetundikwa kwenye mti wa uzio. Alisema alikupikia makande, akakaa mbele yako na kukwambia kwamba hatainuka mpaka ule, nawe ukaisukuma sahani ukamwambia kuwa mtu aliyemuua mama yake kwa tumbo hastahili kupikiwa. Halafu ukamweleza habari ya siku ya pili ya mfungo, na Khalil, na mikeka mbele ya msikiti.

Bibi alilia kwenye simu, Kaka. Hujawahi kumsikia Bibi akilia, hata makaburini hakulia. Baba alizima pasi, akatoka akaenda kusimama kwenye roshani, na mimi nikabaki na simu mkononi nikimwambia Bibi pole, pole Bibi, kama mtu asiyejua neno lingine la Kiswahili.

Sikujua. Nilidhani umebaki huko kwa sababu ya kusubiri chuo, na kwamba huongei nasi kwa sababu ya huzuni tu. Sikujua kwamba umebeba kitu hiki. Kwa hiyo niruhusu nikueleze mambo tangu mwanzo, yale unayoyajua na yale usiyoyajua, na nakuomba usiruke hata moja.

Unamkumbuka yule Mtumishi mgeni. Alikuja kwenye chumba chetu pale Ghala, kwenye ule uwanja wa makanisa ambako kila lugha ina saa yake, akahubiri ile Ijumaa Watamili walipochelewa kutoka na sisi tukasimama juani tukingoja. Kwaresima na Ramadhani ziligongana mwaka huu, na alisema hiyo ni ishara kwamba mji mzima unafunga, kwa nini nyumba ya mgonjwa isifunge? Aliweka mkono juu ya kitambaa cha kichwani cha Mama, akasema Mama atapona, na kwamba nyumba yetu nzima ifunge kavu siku tatu, bila chakula wala maji. Akaongeza kwamba mmoja akivunja, wamevunja wote. Mama aliinamisha kichwa akakubali. Baba aliangalia viatu vyake. Wewe ulinyoosha mkono kama uko darasani ukasema uko tayari. Mimi nilijivunia wewe, na wakati huohuo niliogopa, maana unajua nisipopata kifungua kinywa kichwa kinaniuma mpaka machozi.

Siku ya tatu jioni tulikaa sebuleni, Mtumishi akaomba kwa simu, akatushukuru kwa uaminifu wetu, na sote wanne tukaitikia amina. Wewe ulikuwa wa mwisho kuitikia. Nilidhani ni uchovu.

Halafu Idi ikapita, na kabla ya Pasaka Mama akatutoka. Ulikuwepo, sina haja ya kukueleza. Unachokumbuka zaidi, nadhani, ni lile neno Mtumishi alilowatumia wanakwaya baada ya msiba, kwamba Mungu hakushindwa, ila katika nyumba ile kuna mlango ulioachwa wazi. Watu walilisoma kwenye simu zao huku wanatumenyea viazi jikoni kwetu. Niliwaona wakilisoma. Kuanzia hapo waliongea na sisi kwa sauti ya chini, kama tuna ugonjwa.

Sasa nikwambie jinsi tunavyoishi. Kila Ijumaa Baba ananipeleka Ghala kwenye saa ya Kiswahili. Ananipeleka, lakini haingii. Anaegesha gari upande wa kivuli, anawasha kiyoyozi, ananiambia atanisubiri. Mwanzoni nilidhani hataki kuona kiti cha Mama pale mbele, kwa wanakwaya wa sauti ya pili. Watu wamepungua sana. Wengine wamehamia kwa Wafilipino kwa sababu wana gitaa, wengine waajiri wao hawawapi tena ruhusa, na wengine, Dada Aikande anasema, waliomba sana kwa ajili ya Mama na sasa wanaona aibu kuomba tena. Kuna Ijumaa tulikuwa watatu: mimi, Dada Aikande, na yule dereva Mkenya anayeimba nje ya sauti. Msimamizi wa uwanja alikuja akahesabu viti kwa macho akaondoka. Saa isiyotumika hupewa kundi lingine, na Waethiopia wana watu mpaka kwenye ngazi.

Utacheka nikikwambia kwamba siku hizi mimi ndiye ninayesoma somo. Mimi, niliyekuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni kila mwalimu akisema tusome kwa zamu. Sauti yangu haifiki hata safu ya pili. Dada Aikande huniambia, "Profesa, toa sauti, Mungu anasikia lakini sisi hatusikii." Amelichukua jina ulilonipa, na sasa wote wananiita hivyo.

Usidhani kwamba ninaenda kwa sababu nina imani kubwa. Kaka, ninaomba na sisikii kitu. Kabla Mama hajaugua, nikifumba macho nilikuwa nahisi kama kuna mtu ameingia chumbani. Sasa nikifumba macho kuna giza la macho yangu tu, na sauti ya kiyoyozi. Ijumaa moja nilisoma zaburi ya siku, nikafika mahali nikashindwa kuendelea, na Dada Aikande akachukua kitabu mkononi mwangu akamalizia kana kwamba tulipanga hivyo. Nilienda tena wiki iliyofuata kwa sababu nisipoenda saa yetu itachukuliwa, na Mama ndiye aliyeiomba saa ile kwa kwenda ofisini kwao mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Na nilienda kwa sababu nyingine pia, ambayo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Lile neno la mlango ulioachwa wazi, nilidhani ni mimi.

Siku ya kwanza ya mfungo, wewe ulikuwa maktaba ukijisomea, Baba alikuwa zamu. Magharibi ilipoadhiniwa Bi Shaikha aligonga mlango na sinia lake la futari kama kila siku ya Ramadhani: muhogo wa nazi, sambusa, na zile kaimati za shira ya sukari. Nilimwambia kwa aibu kwamba asante, ila leo tumefunga na hatufungui mpaka kesho kutwa. Akauliza hata mama? Nikasema hata Mama. Unamjua Bi Shaikha. Alishika kiuno akasema, "Yarabi! Mgonjwa kafungishwa kavu? Nnakwambia mwanangu, hata sie tunaofunga mwezi mzima, mgonjwa ana ruhusa yake. Huyo mwalimu wenu kasomea wapi?" Kisha akaliacha sinia palepale kwenye meza ya viatu akaenda zake.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Aliniita. Aliuliza ule ni muhogo wa nazi? Nikasema ndiyo. Akasema kwamba tangu mwezi uliopita hajawahi kutamani chakula, na sasa anatamani muhogo. Nilisimama pale mlangoni sijui nifanye nini. Akaniambia, "Lete, mwanangu, usisimame kama mlinzi wa geti. Mungu naye si mlinzi wa geti, hatuhesabii matonge."

Alikula, Kaka. Alikula vipande viwili vya muhogo na kaimati moja, na shira ikamchuruzika kwenye kidevu akacheka. Akaniambia hawezi kula peke yake kama mchawi, kwa hiyo na mimi nikala. Nilikula sana. Nilikuwa na njaa.

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kufunga. Akasema wanakwaya wake wanafanya kazi kwenye nyumba za watu, hawana kingine cha kumpa isipokuwa njaa yao, na yeye hawezi kuwaambia hapana, sitaki. Halafu akaniambia lile ambalo wewe hukuambiwa. Daktari alikuwa ameshawaeleza yeye na Baba, kabla Mtumishi hajatia mguu Ghala, kwamba ugonjwa umefika kwenye ini na dawa zilizobaki ni za maumivu tu. Alisema atakwambia mwenyewe ukimaliza mitihani. Hakuwahi, kwa sababu maneno yalimwacha mapema kuliko tulivyotegemea. Ndiyo maana ulidhani ugonjwa uligeuka ghafla baada ya mfungo. Haukugeuka. Ulikuwa umeshafika.

Nilimuuliza kama anaamini atapona. Alisema ameshamwambia Mungu yote aliyotaka kumwambia, na ombi lililobaki ni moja, kwamba sisi tusimwache Mungu kwa ajili yake. Nililia, akanifuta na kitambaa kilekile alichojifutia shira, na uso ukaninata.

Kwa hiyo neno la mlango lilipokuja, nilijua haya yote na bado nilidhani ni mimi. Akili inajua, lakini moyo unakwenda njia yake. Nilikuwa naenda Ghala kila Ijumaa kama mtu aliyeitwa kujieleza. Ndiyo hiyo sababu nyingine.

Jioni ile Bibi alipopiga simu nilimfuata Baba kwenye roshani nikamweleza, kwamba Elirehema asijilaumu, mimi ndiye niliyekula kwanza, pamoja na Mama. Baba alinigeukia. Akasema, hapana, si wewe. Akaniambia siku ileile ya kwanza, saa sita mchana, alikuwa kwenye mtambo. Unajua kazi yake, maji ya bahari yanaingia upande huu, yanatoka matamu upande ule, na yeye tangu zamani ana mazoea kwamba kila zamu anakinga kikombe anaonja, ingawa mashine zinapima zenyewe na wenzake wanamtania kwamba ulimi wake unalipwa mshahara wa bure. Alikinga, akaonja, akameza, akachota tena, na kikombe cha pili kilipoisha ndipo akakumbuka. Hakumwambia mtu. Ndiyo maana anakaa garini, Kaka. Miezi yote hii Baba anakaa kwenye lile gari kwa sababu anadhani mlango ni yeye.

Tulisimama pale, yeye na mimi, tukiangalia chini kwenye magari. Kisha Baba akacheka, kicheko kibaya, akasema, "Basi katika nyumba hii aliyefunga ni Elirehema peke yake." Halafu akalia. Sikuwahi kumshika Baba bega kabla ya siku hiyo. Ni gumu kama nguzo.

Wewe ndiye uliyefunga, Kaka. Siku nzima ya kwanza, usiku wake, na siku ya pili mpaka magharibi, bila tone la maji, katika joto la huku, ukitembea na begi la vitabu. Wewe uliyedhani umevunja ndiye uliyedumu kuliko sisi sote.

Na bado sijamaliza. Kesho yake nilikwenda kwa Bi Shaikha. Nilisimama mbele ya mlango wao mpaka mtoto wa ghorofa ya juu akaniuliza kama nimesahau ninapokaa, ndipo nikagonga. Nilimwomba Khalil anieleze ile siku ya pili, kwa nini alikuvuta ukae kwenye mkeka. Khalil alimwangalia mama yake. Bi Shaikha akasema, mwambie, aliyeiweka siri keshatangulia mbele ya haki.

Asubuhi ya siku ya pili, mimi nikiwa shuleni, Bi Shaikha alikuja kuchukua sinia lake. Mama alimshika mkono akamwambia kwamba ana mtoto mkaidi. Alisema, "Nikimwambia mwenyewe ale atakataa, atadhani namjaribu. Asubuhi ameshika ukuta akivaa viatu. Naomba Khalil amkamate njiani amlishe, na asimwambie kwamba nimesema mimi, maana ataona nimemwonea huruma." Khalil anasema alikungoja kwenye kona ya msikiti tangu alasiri. Anasema ulikataa mara nyingi, akakwambia, "Kaa bwana, wali unapoa, wallahi sitakula mpaka ule," na kwamba ulipokula ulikula huku umeinamisha uso, naye akajifanya haoni. Aliporudi nyumbani mama yake alimtuma kwetu aje kumpa Mama jibu. Alipiga hodi, mimi nimelala na wewe bado hujarudi, akasema maneno mawili tu, "Kala, mama." Anasema Mama aliinua mikono yote miwili pale kitandani akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kwa hiyo ile sahani uliyokula ilitoka kwa Mama. Kaka, ni Mama aliyekupakulia. Ndicho chakula cha mwisho alichokupa, na wewe umekuwa ukikilaani miezi yote hii.

Sijui Mungu alikuwa wapi jioni ile. Ningependa kukuandikia kwamba najua, lakini ningekuwa nadanganya, na Dada Aikande angesoma uso wangu. Leo Ghala nilisoma tena somo na sikuhisi kitu, na nitakwenda tena Ijumaa ijayo. Baba alizima gari leo. Aliingia na funguo mkononi, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, hakuimba, na wakati wa sala hakufumba macho. Lakini alikaa mpaka mwisho. Yule dereva alimwona akaimba kwa nguvu zaidi, nje ya sauti vilevile.

Sikuombi uende kanisani Jumapili hii. Sikuombi hata usali. Nakuomba jambo moja. Bibi yuko jikoni sasa hivi, namjua, na Dada Aikande amekaa mbele yako akingoja. Ikunje barua hii, uende kwa Bibi, umwambie una njaa.

Msalimie sana Bibi, mwambie magoti yake tunayaombea, na mpe pole kwa kulia. Wasalimie na majirani wote wa pale juu waliotubebea maji siku ya msiba. Baba anakusalimu. Alitaka kuandika mstari wake hapa chini, akashika kalamu, akanirudishia, akasema nikuandikie kwamba yeye ni baba yako. Nimeandika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nakijwa